Bi. Barke Sheikhan na Jina la Mwisho Daftarini

Jumatano, tarehe 31 Machi 1999, Bi. Barke Sheikhan anastaafu baada ya kulitumikia Shirika letu la Mafunzo ya Vikundi, ofisi ya Kisauni, kwa miaka kumi na tisa na miezi miwili. Mkurugenzi ameniagiza niandike wasifu wa kuchangamsha kwa ajili ya jarida letu. Nitajitahidi, ingawa kuna sehemu moja ambayo nikiikumbuka nywele hunisimama.

Bi. Barke aliajiriwa Februari 1980 kuwa mkufunzi wa viongozi wa vikundi vya kuweka na kukopa. Siku hizo tulitumia kitabu kilicholetwa kutoka ng'ambo, ambacho kila mfano wake ulimhusu mfugaji wa nguruwe. Alikisoma chote kwa uvumilivu, akakirudisha kabatini, kisha akaandika chake kuhusu mama muuza viazi vya karai wa Chaani. Ndicho tunachokitumia hadi leo kuanzia Likoni hadi Bamburi, na vikundi zaidi ya mia moja na arobaini vimepita mikononi mwake.

Wanafunzi wake wanamkumbuka kwa mambo mawili. La kwanza ni kuita majina. Hakuna somo lililoanza kabla kila jina halijaitwa na kuitikiwa. Mwaka 1985 nilipeleka chaki darasani, akaniita kwa mzaha, nami mtu wa Machakos nikajibu "Abee!" kwa sauti kubwa kama nilivyowasikia akina mama. Darasa zima likaangua kicheko. Bi. Barke akanieleza kwa upole kwamba mwanamume huitika "Naam".

La pili ni somo la kumi na mbili, ambalo ni la mwisho. Hapo mkufunzi huketi kwenye benchi, na kila mwanafunzi husimama mbele kuwafundisha wenzake kwa robo saa. Asiyefundisha hapati cheti, hata angekuwa mkwe wa mkurugenzi.

Mwaka 1987, katika chumba cha shule ya chekechea kule Mishomoroni, alikuwako mwanamke mmoja mshona makuti, jina lake Jumwa. Masomo kumi na moja hakukosa hata moja. La kumi na mbili likamshinda. Alisema kusimama mbele za watu anaogopa, akaomba afundishe siku nyingine, mbele ya mwalimu peke yake. Bi. Barke akampa Alhamisi iliyofuata, saa nane mchana.

Alhamisi hiyo Bi. Barke alikuwa Likoni kwenye warsha, na ahadi ikamtoka kichwani kabisa. Jumwa alikuja. Alifagia chumba, akapanga mabenchi, akangoja mpaka adhana ya magharibi. Haya tuliyasikia matangani kutoka kwa jirani yake, Kaviha, kwa sababu wiki ileile Jumwa alishikwa na homa akafariki.

Bi. Barke hakulifuta jina lile. Kila alipofungua daftari jipya la mahudhurio aliliandika mwisho, akaliita, akasubiri kidogo, ndipo akaanza kufundisha. Ofisini tulidhani ni majonzi tu, yatapita. Siku moja nilimuuliza, akaniambia: "Wallahi, Justus mwanangu, nalimwahidi. Mtu hangojeshwi hivyo."

Kisha mwaka 1989, huko Chaani, mchana kweupe, mbele ya wanawake ishirini, jina la Jumwa likaitikiwa. "Abee," taratibu, kutoka benchi la nyuma. Kila mmoja alidhani ni mwenzake. Bi. Barke alihesabu vichwa mara mbili, akafundisha kama kawaida, ila chaki ilimkatikia mkononi mara tatu. Tangu siku hiyo, popote alipofundisha, jina hilo halikukosa wa kuliitikia. Mimi niliisikia sauti hiyo Bamburi mwaka 1994. Niliacha baiskeli yangu papo hapo nikarudi kwa miguu, na sioni haya kusema.

Barua ya kustaafu ilipofika, Bi. Barke hakuuliza habari za kiinua mgongo. Alikuwa na mwanafunzi mmoja ambaye hajamaliza, na aliogopa kuondoka akimwacha anangoja mara ya pili. Akaomba darasa lake la mwisho lifanyike Mishomoroni, chumba kilekile, Alhamisi tarehe 25 Machi, saa nane mchana.

Nilikwenda kupiga picha za jarida hili. Wanafunzi ishirini na wawili walikuwa wamekwisha kufundisha wote, zamu kwa zamu, katika siku zilizotangulia. Bi. Barke akaliita jina la mwisho, nalo likaitikiwa. Akaiweka chaki mezani, akaenda kuketi kwenye benchi. "Karibu mbele, Jumwa," alisema. "Leo n'mekuja."

Kwa robo saa hakuna aliyesema neno wala kukohoa. Watoto waliobebwa migongoni walinyamaza wakakodolea macho mahali pamoja karibu na ubao, na baada ya muda wakageuza vichwa vyao pamoja, taratibu, kutoka upande wa mlango hadi upande wa dirisha. Nilitaka kutoka nje. Badala yake nikatoa pakiti ya filamu mpya.

Muda ulipokwisha, Bi. Barke aliwataka waandike jambo moja walilojifunza, kama ilivyo desturi yake kila somo linapomalizika. Alikusanya madaftari, akayasoma moja moja. Yote ishirini na mawili yalikuwa na maneno yaleyale: "Mwalimu asipokuja, msiondoke. Anzeni wenyewe." Nilitazama pakiti ya filamu iliyokuwa mkononi mwangu. Maneno hayo yalikuwa yameandikwa nyuma yake, kwa mwandiko wangu.

Bi. Barke alilia kwa furaha, akalikata jina la Jumwa daftarini kwa mstari wa wino mwekundu. Cheti nimekipiga taipu mwenyewe, na Kaviha atakifikisha nyumbani kwao.

Bi. Barke, tunakushukuru kwa yote, na ninakiri kwamba nitakukosa kuliko ninavyoweza kuandika. Mungu akupe afya na usingizi mnono. Leo ukumbini, kwenye hafla ya kukuaga, tutaliita jina lako kabla ya kuanza, kama ulivyotufunza. Tafadhali itika upesi. Ukichelewa, hatujui ni nani atakayekuitikia.