Emilian Lugembe na Karatasi ya Kijapani

Nani kati yenu aliichukua ile karatasi? Padre, wafiwa na majirani, mtuwie radhi, swali ni la marehemu mwenyewe, aliagiza lisomwe kabla hata ya tarehe yake ya kuzaliwa, na kwa kuwa hatatuagiza tena, tumetii.

Marehemu Emilian Lugembe alizaliwa tarehe 4 Machi 1956 huko Puge, wilayani Nzega, akiwa mtoto wa tano wa mzee Adriano na mama Paskazia. Alisoma hapo hapo Puge hadi darasa la saba, mwaka 1970, hakuendelea, na tusipambe, alifeli, mwenyewe alikuwa akilisema mbele za watu. Baadaye alikwenda kurekebisha kiti cha padre mmoja Mhispania aliyekuwa na gitaa, kazi ya siku moja, ikamchukua miaka mitatu, akatoka na nyimbo za Kihispania.

Mwaka 1979 alifungua karakana ya useremala Gongoni, hapa Tabora, akachonga vitanda vya nusu ya mji huu, kisha akajichongea gitaa la mninga, zito kiasi kwamba rafiki yake Anton Ngollo, wa kwaya ya Wamoravian, ndiye aliyekuwa akimbebea. Tarehe 18 Juni 1988 alifunga ndoa na Dafrosa Fikiri, sauti ya kwanza ya kwaya ya parokia yetu ya Cheyo, wakajaliwa Josepha, Festo na Advera.

Mwaka 2012 mwalimu wa kujitolea kutoka Japani, Bi. Haruka, alileta meza karakanani kutengenezwa, akawa anaimba akiisubiri, na marehemu akapata wazo la onyesho la sauti na gitaa, Kihispania na Kijapani pamoja. Alipoulizwa kulikoni, alisema misafara ya zamani ilipita Tabora ikienda Ujiji na kurudi pwani, kila mpitaji akaacha kitu, na hawa wawili nao wamepita, basi wakutane. Anton akamwambia, "Kaka, ukileta Kijapani Cheyo hata mbuzi watahama." Utani huo ndio uliomponza Anton.

Jumamosi tarehe 24 Agosti 2013, ukumbi wa parokia ukiwa umejaa, karatasi ya maneno ya Kijapani, aliyoiandika Haruka kwa herufi zetu, haikuonekana kwenye mfuko wa gitaa. Marehemu akapiga hivyo hivyo, kwa mkono wa Kihispania, Mama Dafrosa, aliyepaswa kuimba, akatazama dari, kisha tuni ya Kijapani akaitia maneno ya Kinyamwezi, habari za kupalilia karanga na mume asiyeonekana shambani. Akina bibi wa mbele wakaitikia, Haruka akafuta machozi akiomba irudiwe, ikarudiwa mara nne, na hadi leo Cheyo wapo wanaoapa kwamba wanajua Kijapani. Lakini mbeba gitaa alikuwa Anton, lawama zikamwangukia, na kwa miaka kumi na miwili wawili hao hawakupiga tena pamoja.

Marehemu alianza kuugua figo Februari 2025, akalazwa mara tatu, na Anton, bila kuitwa, akawa anakuja kila Alhamisi na chupa ya uji. Josepha akishika kikombe, marehemu aliuliza, "Karatasi yangu?" Anton akajibu, "Sina, kaka." Uji ukanywewa. Alifariki Jumapili tarehe 9 Novemba 2025, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na miaka sitini na tisa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Cheyo, mafundi wa Gongoni waliochonga jeneza hili kwa mninga, wakijua atalikagua, na kwaya zote mbili. Baba, pumzika kwa amani, na swali lako lipumzike nawe.

Anton hakuichukua. Aliichukua binti wa kwanza wa marehemu, huyu anayewasomea, aliyekuwa likizo kutoka chuo kikuu, akiogopa wageni watamcheka baba yake seremala, akidhani bila karatasi onyesho litaahirishwa. Ipo nyuma ya cheti chake cha digrii, ndani ya fremu aliyoichonga baba mwenyewe.

Baba mdogo Anton, shikamoo. Ni mimi niliyeichukua.