Winfred Sidi Randu na Mtungi wa Utange

Hebu mfikirieni Sidi akifika. Ni saa mbili kasorobo asubuhi, anashuka kwenye tuktuk langoni pa makumbusho yetu, futi ya kupimia imemning'inia shingoni kama fundi cherehani, kwapani amebana makaratasi magumu. Hata mlango hajafungua, anamwita Nduku, jirani anayeuza mahamri hapo nje.

"Nduku, njoo unisomee kadi hii. Bila miwani."

Nduku anakunja uso, anasogea, anarudi nyuma. "Wewe Sidi, maandishi gani haya kama siafu? Mtu akitaka kusoma hivi si atakwenda shule! Kuza herufi."

Naye Sidi anacheka, anakwenda kuandika upya. Huyo ndiye tunayemzika leo, Jumamosi tarehe 17 Mei 2025.

Marehemu alizaliwa tarehe 12 Agosti 1981 hapa Utange, Kisauni, akiwa mtoto wa pili wa hayati Mzee Randu Kai na Mama Kadzo. Mimi ninayewasomea ni Kai, kaka yake mkubwa. Mtaniwia radhi nikikwama mahali. Tangu mdogo alikuwa mtu wa kupanga. Mama alikuwa akirudi shambani anakuta sufuria na miko vimesimamishwa ukutani kwa urefu wake, na karai limetengewa mahali pake peke yake. "Sidi, nipikie kwanza, kisha upange!"

Alisoma shule ya msingi hapahapa hadi mwaka 1995, akaenda sekondari ya wasichana huko Kilifi, akamaliza 1999. Mwaka 2003 alipata cheti cha uchoraji na usanifu katika chuo kimoja kisiwani. Mimi shule iliniishia darasa la sita. Likizo alikuwa ananisomea vitabu vyake, nami namsimulia tena kwa maneno yangu, nikiongeza chumvi. "Kaka, hilo halimo," alikuwa akisema, lakini alisikiliza mpaka mwisho.

Alianza kazi kwa kuandika vibao vya maduka Kongowea, na huko ndiko alikokutana na Bonface Wafula, mfanyakazi wa bandarini. Wafula alikuja kuagiza kibao cha kinyozi cha nduguye. Akarudi mara tatu kulalamikia rangi. Mara ya nne Sidi akamuuliza, "Wafula, unafuata kibao au unanifuata mimi?"

"Kibao kilikuwa sawa tangu siku ya kwanza," akajibu.

Walifunga ndoa kanisani tarehe 18 Desemba 2004, wakakaa Magongo, na Mungu akawajalia Mercyline na Dancun. Mwaka 2010 walihamia Utange, kwa sababu wakazi walikuwa wamefungua makumbusho ya jamii katika jengo la zamani la ushirika, na kamati ilimtaka Sidi apange maonyesho.

Kazi hiyo aliipenda. Kabla ya kufunga kabati lolote la kioo alipiga magoti mbele yake, aone atakachokiona mtoto wa darasa la pili. Vigae vya vyungu alivilaza juu ya mchanga wa mahali vilipochimbuliwa. Na alikuwa na sharti moja: kadi isiseme jambo lisilojulikana. Mwaka 2014 watu wakichimba shimo la choo walitoa mtungi mkubwa wenye ushanga ndani. Aliuandikia hivi: "Mtungi. Umepatikana Utange. Mwenyewe hatumjui." Mwaka huohuo aliniombea kazi ya kuwatembeza wageni. Kwa kamati alisema, "Kaka yangu anajua kuzungumza na watu."

Ndugu zangu, hapa ndipo nilipopaogopa tangu niliposhika kalamu. Kadi ile ilinishinda. Watoto wa shule waliniuliza mtungi ni wa nani, nami sikuwa na la kuwapa. Siku moja mwaka 2019, darasa zima kutoka Likoni likinitazama, nikasema ulikuwa wa Hawe Mbeyu, yaani Nyanya Mbeyu, aliyefukia ushanga wa bintiye kabla ya kukimbia vita. Wakanyamaza wote. Mwalimu wao akafuta machozi. Niliupenda ukimya ule, nikairudia hadithi kila Sidi alipokuwa mbali, na kila mara ikinenepa.

Mwaka 2021 hadithi ikamfikia Mzee Masha wa hapa Utange. Kwao alikuwako nyanya aliyeitwa Mbeyu, na kaburi lake halijulikani. Mjukuu wa mzee alikuwa mgonjwa, wakaamini kwamba nyanya amekasirika kwa kufungiwa ndani ya kioo. Jumamosi tarehe 20 Novemba kamati ikakaa.

"Nani alisema mtungi huu ni wa Hawe Mbeyu?" aliuliza mwenyekiti, Bi. Rispa.

Macho yote yakaja kwangu. Nikasema, "Mimi huwaambia wageni nilichoandikiwa. Kadi ya kwanza ilisema hivyo. Sidi aliibadilisha baadaye."

Hapakuwa na kadi ya kwanza.

Mzee Masha akamgeukia Sidi. "Binti yangu, yaani umetuficha nyanya yetu miaka yote hii?"

Sidi alinitazama. Alinipa muda, nakumbuka, muda wa kutosha. Nami nikatazama sakafu. Ndipo aliposema, "Niwie radhi, mzee. Maonyesho ni yangu. Kosa liwe langu."

Mtungi ulichukuliwa na jamaa za Mzee Masha, ukafukiwa uwe kaburi la nyanya yao. Sidi aliondolewa kazini. Jumatatu yake mimi nilikuwa pale mlangoni, nawakaribisha wageni. Yeye alirudi kwenye vibao vya Kongowea, na huku nyumbani akaitwa "yule mficha nyanya za watu." Nduku peke yake hakulitamka neno hilo.

Februari 2023 figo zake zilianza kushindwa. Alikuwa akisafishwa damu mara mbili kwa wiki hospitalini kisiwani, nami nilimsindikiza. Machi mwaka huu nilijaribu. "Sidi, ile siku ya kamati..." Akafumba macho. "Kaka, niitie muuguzi, mkono unaniuma." Nikamwita. Sikulianza tena. Alifariki Ijumaa tarehe 9 Mei, saa nne asubuhi, akiwa na miaka arobaini na mitatu. Wapo watakaonifariji kwamba alishanisamehe. Hakusema hivyo, nami sitamsemea.

Ameacha mumewe Wafula, watoto Mercyline na Dancun, mama yetu Kadzo, mimi kaka yake, na majirani wa Utange na Magongo. Mungu ampe Sidi pumziko la amani.

Bi. Rispa, barua yangu ya kuacha kazi iko mezani kwako. Mzee Masha, umekaa hapo mbele, na najua leo nakunyang'anya kaburi. Mtungi ule hatumjui mwenyewe, na ndivyo Sidi alivyoandika tangu siku ya kwanza. Uongo ni wangu wote. Shahidi mwingine hayupo, wala karatasi. Siku ile mlinisadiki nilipodanganya, mkamwacha yeye. Je, leo mtanisadiki?