Mama Godelive wa Nguzo ya Pili

Mgeni rasmi, Bwana Tshibangu, mkubwa wa ofisi ya majengo ya kale: sisi wakaaji wa mtaa wa banki ya zamani, hapa Kimemi, Butembo, tumefurahi umefika. Tulimwagia barabara maji ili vumbi lisikusumbue. Pole kwa matope.

HISTORIA

Banki hii ilijengwa wakati wa Wabelgiji, wenye kahawa walipotafuta pa kuweka faranga zao. Ina matofali ya kuchoma, nguzo nne mbele, na mlango wa chuma ambao umewashinda wezi hadi leo. Banki ilikufa, jengo likabaki. Kisha ofisi yako ikatuma mtu alipige picha, lilindwe na sheria. Siku hiyo Mama Godelive alikuwa chini ya nguzo ya pili, anauza karanga. Alitaka kusogea. Mpiga picha akamwambia, "Bakia tu, mama, inapendeza." Amri ikatoka na muhuri: jengo lilindwe kama lilivyo pichani, bila kuongeza wala kupunguza kitu.

MAFANIKIO

Hatukupunguza. Mama Godelive huja asubuhi na mapema, hatoki mpaka jua lizame. Alipougua malaria, wifi yake Sophie alikaa mahali pake. Inspekta wenu akaandika kwamba jengo limetengenezwa kwa vifaa visivyo vya asili. Sophie alilia siku nzima. Kitenge cha pichani kilipochakaa, tulitafuta cha namna ileile Butembo yote, tukakipata Mbau, mgongoni mwa mama mwingine. Alitusikiliza, akakivua, Mungu ambariki.

MATATIZO

Macho ya Mama Godelive yamefifia. Miwani anayo, ila inakaa mfukoni, kwa kuwa ombi letu la kuongeza vioo upande wa mbele halijajibiwa. Mvi zake inspekta anaziita ukungu wa ukutani. Paa linavuja pia, lakini hata pichani lilivuja.

Linalotuuma ni hili. Binti yake Ornella, anayeuza samaki kule ziwani Kyavinyonge, amejifungua mtoto wa kwanza, na ubatizo ni kesho. Juma lililopita Mama Godelive alimwendea inspekta.

"Mukubwa, mimi niko mutu, hapana nguzo. Uniachilie niende kubeba mujukuu wangu."

"Mama, naelewa," inspekta akamjibu kwa heshima. "Mais ukitoka, façade hii ya mbele itaanguka."

Alirudi akaketi, akaushikilia ule ukuta kwa kiganja. Mama huyu mwenye akili zake timamu alikuwa ameanza kuogopa kwamba kweli utaanguka. Tulipoona hivyo, tuliona aibu, maana sisi sote tulimzoea pale.

MAOMBI

Tulikuwa tumeandika maombi mengi, ya paa, ya courant ya taa, ya choo. Tumeyafuta. Amri haibadiliki kwa siku moja, na wewe ni mtu wa sheria. Hatutaki kukuingiza matatani. Tunaomba tu uinue kichwa sasa hivi, utazame mbao za dari, namna fundi alivyoziunga bila msumari. Zitazame polepole. Ukisikia pikipiki nyuma yako, ni Phinées, dereva wetu. Usigeuke. Bado kuna mbao upande wa kushoto.

Mungu akuzidishie siku, na shingo yako isikuume.

Ni sisi wakaaji wa mtaa wa banki ya zamani, Kimemi, sote tuliosimama mbele yako, isipokuwa mmoja.