Maisha ya Baba Yetu, Fundi Redio

Baba yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa tatu kati ya sita wa mama muuguzi na baba mwashi. Alimaliza shule ya msingi mwaka 1965. Mwalimu wake wa hesabu aliandika kwenye ripoti kwamba kijana ana akili, ila hulipiga dawati kama ngoma. Bibi aliitunza ripoti hiyo, na sisi watoto tulipoikuta tulicheka mpaka tukafukuzwa sebuleni.

Mwaka 1967 alianza kujifunza ushonaji kwa mjomba wake, na mwaka 1974 akafungua chumba chake nyuma ya duka la vitambaa. Watu walimwita Fundi Redio kwa sababu ya redio iliyokaa kando ya cherehani yake, kiasi kwamba wageni walimletea redio mbovu azitengeneze. Alikuwa na utaratibu wake: akibuni mshono, muziki lazima uwepo, akishika mkasi, redio inazimwa. Alisema muziki humfungua kichwa, lakini wakati wa kukata humwibia hesabu. Siku moja alinogewa na wimbo, akasahau kuzima, akamkatia mkuu wa shule koti lenye mikono miwili ya kushoto.

"Fundi, mkono wangu wa kulia umekukosea nini?" mkuu aliuliza. Alibaki kuwa mteja wake miaka thelathini.

Tarehe 6 Agosti 1977 alifunga ndoa na mama yetu, karani wa ofisi iliyopakana na chumba chake. Mama alikwenda kulalamikia kelele, akarudi ameshapimwa gauni.

Tarehe 2 Februari mwaka huu baba alipata kiharusi. Ulimi ukawa mzito, mkono wa kulia ukalegea. Alikuwa amemwahidi mjukuu wake wa kwanza gauni la harusi. Mimi, binti yake wa pili niliyerithi cherehani, nilidhani mgonjwa anahitaji utulivu, nikaifungia redio kabatini. Wiki saba baba alikaa na karatasi magotini bila kuchora hata mstari. Tukaanza kunong'onezana kwamba akili yake imekwisha.

Jumapili moja jirani yetu kinyozi alikuja kumjulia hali, simu yake ikipiga muziki mfukoni. Alipotaka kuizima, baba alimshika mkono.

"Acha," alisema, neno la kwanza kueleweka tangu augue.

Mguu ukaanza kufuata mapigo. Akachukua penseli kwa mkono wa kushoto, akachora shingo ya gauni, akaifuta, akachora nyingine.

"Kumbe mzee yupo," kinyozi alisema.

"Alikuwepo siku zote," mama alijibu, akinitazama mimi.

Baada ya siku kumi na mbili mchoro ulikamilika. Mimi nilikata, yeye akinisimamia kwa macho. Alifariki tarehe 19 Mei, saa nne asubuhi, usingizini.

Ameacha mjane, watoto wanne na wajukuu tisa. Gauni litavaliwa mwezi ujao. Wengi mmenisifu kwamba nilimtunza vizuri. Nilimtunza kwa mapenzi yote, lakini kwa wiki saba nilimnyima kitu alichofikiria nacho maisha yake yote, kwa kuwa sikumuuliza. Baba, nisamehe. Mungu akupokee, upumzike vyema.