Niliambiwa Nitaje Mwanaume

Bwana asifiwe! Asifiwe na nyie wa mbele mliowahi viti, asifiwe na nyie wa nyuma mlioegemea ukuta, na asifiwe na hao watoto wanaochungulia dirishani. Mimi ni Minza, mke wa Masanja, wa ng'ambo ya mto. Wengi mnanijua kama yule mama asiyetulia kwenye benchi. Ni kweli, sitaki kubisha kanisani. Na leo mtaniona naangalia mlango kila mara. Msinifikirie vibaya, nina safari, na safari yenyewe imo ndani ya ushuhuda huu.

Ndugu zangu, nimesimama kumshukuru Mungu kwa ajili ya mtoto wangu Kashinje. Nimesimama pia kwa ajili ya mama mkwe wangu, yule pale karibu na mlango, mwenye mfuko mapajani na huyo Kashinje begani. Amenipa ruhusa niseme yote. Nilimuuliza mara nyingi mpaka akachoka, akaniambia, "Sema, usije ukapasuka."

Sisi ni wakulima. Tuna pamba, mahindi, viazi, ng'ombe kidogo na kuku wasiosikia. Watoto wangu wawili wa kwanza niliwazaa nyumbani, mikononi mwa huyu mama mkwe. Tunamwita Mayu, yaani mama, kwa Kisukuma chetu. Nilizaa vizuri kabisa. Wa kwanza alikuja nikiwa bado nagombana na watu kuhusu maji ya moto. Wa pili alikuja asubuhi, na jioni nilikuwa nimeshaanza kuuliza nani ameunguza mboga. Kwa hiyo mimba ya tatu hakuna aliyehangaika nayo. Kliniki walisema safari hii nijifungulie kituoni, maana mtoto hajakaa sawa. Nikaitikia. Nyumbani nao wakaitikia. Halafu pamba ikapasuka shambani, ikawa kila mtu ni pamba, pamba, pamba.

Sasa sikilizeni hapa. Mimba ile ilipokuwa changa, Masanja alikwenda Nyashimo kulima mpunga wa watu. Msimu wa kulima ukamkuta huko. Jirani yetu Baba Sayi akaja na ng'ombe wake akatulimia, na mimi na Mayu tukaenda kumpalilia shamba lake. Huku kwetu ndivyo tunavyoishi, leo mimi kwako, kesho wewe kwangu. Hakuna aliyesema neno. Masanja akarudi, akakuta mahindi yamesimama, akafurahi, akampelekea Baba Sayi jogoo wa shukrani.

Uchungu ulinianza asubuhi nikikata viazi vya michembe, vile tunavyoanika juani viwe akiba ya kiangazi. Kwetu uchungu hautangazwi. Wanasema watu wengi wakijua, mtoto anachelewa. Nikaendelea kukata huku nauma ukingo wa kanga. Mayu akapita, akaona vipande vinatoka vinene kama matofali, akaninyang'anya kisu. Akasema, "Ingia ndani." Nikaingia.

Nilidhani ni jambo dogo. Jua likapanda. Nikasukuma, hakuna kitu. Jua likafika utosini, uchungu unakuja kwa nguvu, unaondoka, mtoto yuko palepale. Mayu akanipapasa tumbo, kisha akanyamaza. Yule mama huongea na mbuzi, huongea na sufuria. Alipokaa kimya, nikajua mambo si mazuri.

Ndipo akaitwa shangazi. Huyu ni shangazi wa mume wangu, dada wa marehemu baba mkwe, na pale nyumbani neno lake ndilo la mwisho. Akaingia, akanitazama, hakuniuliza naumwa wapi. Alimuuliza Mayu, "Huyu ametaja?"

Wazee hapa mnaelewa. Vijana, ngoja niwaeleze. Kuna imani kwamba mama mjamzito akitoka nje ya ndoa, mtoto anakwama. Njia haifunguki mpaka mama amtaje huyo mwanaume. Kwa shangazi hesabu ilikuwa imeshakamilika: wawili wa kwanza walipita bila shida, huyu wa tatu amekwama, na mume hakuwepo msimu mzima. Basi kuna mtu.

"Taja, ng'wanone," akaniambia. Mwanangu, taja. "Taja njia ifunguke."

"Sina wa kumtaja, shangazi."

"Taja hata kwa sauti ndogo. Wanaume wako nje, hawatasikia."

Ndugu zangu, nataka mjue shangazi hakuwa mtu mbaya. Alikuwa analia. Binti yake mwenyewe alikufa akijifungua, na shangazi anaamini kwamba angetaja, angepona. Alikuwa ananishika mikono ananibembeleza kama vile nashikilia dawa na kukataa kuimeza. Ningewezaje kumkasirikia? Ila nilimkasirikia! Nilikasirika sana. Nikainuka kwenye mkeka, nikatoka nje na maumivu yangu. Nikazunguka zizi. Nikashika nguzo, nikaiacha, nikaenda mpaka kwenye kichuguu, nikarudi, nikazunguka tena. Walisema nilale. Nilale vipi? Nikilala naona kaburi.

Masanja alikuwa amesimama kwenye uzio, kofia mkononi. Nikampigia kelele, "Nipeleke kituoni!" Akamwangalia shangazi yake. Shangazi akasema kutoka mlangoni kwamba nikipandishwa kwenye tela la ng'ombe na jambo hilo tumboni, nitafia njiani, na aibu itabaki kwa ukoo. Masanja akaangalia chini. Mume wangu ni mpole, na siku ile upole wake uliniuma kuliko uchungu.

Wakanirudisha ndani. Shangazi akaona hata anisaidie kukumbuka. Akasema, "Si yule aliyekulimia? Sema Baba Sayi, tumalize."

Hapo ndipo shetani alipokuja kwangu, na alikuja na sura ya urahisi. Nikawaza: jina ni neno tu. Nikilisema, watanipeleka. Nikilisema, wataniacha nipumue. Baba Sayi atajitetea mwenyewe, ni mwanaume. Jina likafika hapa, kwenye meno. Nililisikia ulimini kabisa! Nikasema moyoni, Bwana Yesu, mimi sina nguvu ya kufunga mdomo huu, ufunge wewe. Niletee gari. Niletee chochote chenye magurudumu.

Mungu hakuleta gari. Alianza na mdomo mwingine.

Mayu alikuwa amechuchumaa kwenye kona na beseni la maji. Akaliweka chini, akaenda kusimama mlangoni, katikati ya sisi wa ndani na wale wa nje. Akasema kwa sauti ambayo hata Baba Sayi kwake nadhani angeisikia.

"Mwacheni. Mimi nilitaja."

Shangazi akasema, "Wifi, nyamaza."

"Nimenyamaza tangu nimzae Masanja. Alikwama kama huyu. Mkanikalisha kama huyu. Nikamtaja Nkwabi, yule kijana aliyekuwa anatuchungia ng'ombe. Nkwabi hakuwahi kunigusa hata mkono! Nilimtaja kwa sababu alikuwa karibu, nilikuwa namsikia anapiga mluzi zizini. Mkampiga mkamfukuza. Na mtoto je, alitoka? Alikaa palepale mpaka kesho yake. Njia haikufunguka kwa jina lile. Mimi ndiye niliyebaki nalo."

Jamani! Pale nyumbani hata kuku walinyamaza. Nasema hivyo, sijui kama ni kweli, lakini ndivyo ninavyokumbuka.

Sasa mfikirieni Masanja. Tangu utoto alisikia minong'ono kwamba yeye si wa ukoo ule, kwamba baba yake ni mchungaji wa ng'ombe aliyekimbia. Hakuwahi kuuliza. Ule upole wake wote, ndugu zangu, ulitoka hapo. Alikuwa anaishi nyumbani kwake mwenyewe kama mgeni anayeogopa kufukuzwa. Mama yake akamgeukia akamwambia, "Baba yako ni baba yako. Nenda katafute ng'ombe, mkeo anakufa."

Akavaa kofia. Hakumwangalia shangazi tena. Akaondoka anakimbia.

Na ng'ombe aliwapata wapi? Wetu walikuwa malishoni kwa mjomba, kule Shishiyu, maana nyasi za kwetu zilikuwa zimeisha. Bodaboda wote walikuwa mnadani, na hata wangekuwepo, nisingeweza kukaa. Ng'ombe waliokuwa tayari, na tela zima, vilikuwa kwa mtu mmoja tu. Kwa Baba Sayi! Hebu fikirini. Kama ningelisema lile jina, Masanja angekwenda kwake na fimbo. Alikwenda na ombi. Nikilala nawaza jambo hili, usingizi unakatika, nainuka naanza kufagia.

Baba Sayi alikuja mbio, hajui kitu, ananiambia, "Pole shemeji, shika hapa, shika ubao huu." Mayu akapanda nyuma yangu, akanikumbatia kwa nyuma. Shangazi alibaki amekaa chini mlangoni, amejifunika kanga kichwani. Mtoni mchanga ulimeza magurudumu. Masanja na Baba Sayi wakaingia ubavuni, mmoja huku mmoja huku, wakasukuma bega kwa bega na wale ng'ombe. Mimi nilikuwa juu namwita Yesu kwa Kiswahili na kwa Kisukuma, sikuchagua.

Kituoni nesi alinishika tumbo, hakuchukua muda. Akasema mtoto amekaa, miguu ndiyo iko chini, niende mjini haraka. Akaita gari la wagonjwa. Halafu akainama akaniuliza, "Unaitwa nani, mama?" Nikaanza kulia kwa kwikwi. Wakadhani maumivu yamezidi. Siku ile yote niliulizwa jina la mwanaume, na huyo ndiye wa kwanza kuniuliza langu.

Bariadi mjini wakanipasua, wakamtoa. Mzima! Analia kwa hasira, kama mimi. Haleluya!

Tuliporudi nyumbani, shangazi alikuwa palepale mlangoni, utadhani hakuwahi kuinuka. Akaambiwa mtoto alikuwa anatanguliza miguu. Akanyoosha mikono apewe mtoto, akasema, "Basi ni Kashinje." Ndugu zangu, Kashinje ndilo jina letu la mtoto anayekuja kwa miguu. Mababu walikuwa nalo! Walishawaona watoto wa namna hiyo hata wakawatafutia jina. Jibu lilikuwa limekaa kwenye midomo yetu tangu zamani, na sisi tunamtafuta mwanaume. Nilitaka kumwambia shangazi hayo. Nikamwona anavyomshika mtoto, nikajua anamuwaza binti yake. Nikanyamaza, mimi Minza. Huo nao ni muujiza, andikeni.

Shangazi bado haji hapa kanisani. Namwombea. Lakini Kashinje akilia, mgongo anaoutaka ni wa shangazi.

Sasa mbona situlii, wakati nimeshaokolewa? Nitawaambia. Mayu hakupona siku ile. Mimi nilifunguliwa, Masanja alifunguliwa, ila yeye alianza kukosa usingizi. Alikuwa ananiuliza jikoni, "Yule kijana alikwenda wapi?" Kijana! Sasa hivi ni mzee kama yeye. Tukaanza kuuliza kwa wafanyabiashara wa mnadani, kwa watu wa mbegu, kwa kila anayepita na mzigo. Juzi mnunuzi mmoja wa mbuzi akatuambia kuna mzee Nkwabi, anaishi Malampaka karibu na stesheni ya treni, alifika huko ujana wake, kwao hasemi ni wapi. Akasema ni mzee anayependa kupiga mluzi.

Mayu alikaa chini pale pale kwenye vumbi.

Hatujui atatupokeaje. Huenda akatufukuza, na ana haki. Naogopa, sitawaficha. Namwogopea mama huyu, maana anakwenda kuomba msamaha kwa kitu ambacho hakuna wa kukirudisha. Lakini yule Mungu aliyenifunga mdomo mimi na kumfungua yeye, namtegemea atakuwa na neno pale Malampaka pia.

Na wewe unayenisikiliza, mtegemee huyo. Kama una jina ulilolibeba, la mtu asiye na kosa, litue leo, usingoje uzee. Na kama nyumbani kwako yuko mama mwenye mimba, usimsubiri akwame. Na siku akikwama, usimuulize ya nani. Muulize, "Nikuletee tela?" Halafu kimbia! Yesu atakimbia nawe.

Nasikia honi barabarani, hilo ni basi letu. Masanja amelisimamisha, maana siku hizi anasimama katikati ya barabara kama mwenye barabara. Mchungaji, tuombee tukiwa tunatembea. Asanteni, ndugu zangu, Bwana awabariki.

Mayu, inuka. Mlete Kashinje, mzee Nkwabi amwone.