Historia ya Marehemu Hudson Makori Ondari, Bwana Afya Aliyepotewa na Kinyaa

Mchungaji wetu na wazee wa kanisa, maafisa wa idara ya afya, ndugu na jamaa mliosafiri kutoka Nyamira, na nyinyi majirani zetu wa Amu mliovuka maji asubuhi hii mpaka Mokowe na kupanda tena gari mpaka hapa Hindi, bara, kumsindikiza mtu ambaye wengi wenu kwa miaka saba mlikuwa mkimkwepa njiani, ninasimama kwa niaba ya familia, mimi Jabez, mwanawe wa pili, kusoma maisha yake kama yalivyokuwa, na ninaanza kwa ombi moja: katika ratiba mliyopewa mlangoni, ukurasa wa pili, imechapishwa kwamba marehemu alistaafu mwaka wa 2019, na mwenye kalamu na aufute mstari huo, kwa sababu baba hakustaafu, alifukuzwa kazi kwa tuhuma ya kula rushwa, na familia imekataa kumzika na uongo, hata uongo uliotungwa kwa heshima.

Marehemu alizaliwa Ijumaa, tarehe 11 Machi 1966, huko Kebirigo, Nyamira, akiwa mtoto wa nne wa mzee Ondari na mama Kerubo, mama aliyeuza maziwa sokoni na kumfundisha mwanawe kunusa mdomo wa kibuyu kabla ya kumimina. Alisoma shule ya msingi kuanzia 1973 hadi 1979, akaingia sekondari mwaka wa 1980 na kumaliza 1983, akafundisha kwa muda bila cheti katika shule ya jirani, kisha mwaka wa 1986 akachukuliwa na chuo cha mafunzo ya utabibu Nairobi, akahitimu mwaka wa 1989 kuwa afisa wa afya ya umma, kazi ambayo watu wa pwani huiita kwa maneno mawili tu, Bwana Afya.

Januari 1990 alipelekwa Lamu, na kituo chake cha kwanza kikawa kisiwa cha Pate, ambako alikaa miaka saba akizunguka vijijini kwa miguu na kwa mashua, na wazee wa Mbwajumali wanakumbuka siku alipoteremka mwenyewe kisimani kwa kamba, akiwa na kitambaa puani, akapandisha mzoga wa paka uliokuwa umeanza kuachana na mifupa, akatapika mara mbili ukingoni, akajifuta mdomo, akateremka tena kutafuta mkia. Mwaka wa 1997 alihamishiwa Amu, mji wa Lamu wenyewe, na kuanzia hapo hadi 2018 hakukuwa na samaki aliyeshushwa dikoni mashua zinapofunga, wala nyama iliyoning'inizwa buchani, wala jiko la hoteli lililofunguliwa, bila ya pua yake kupita hapo kwanza. Alimshika samaki kichwani, akafunua mashavu kutazama wekundu, akabonyeza jicho, akanusa, na akikunja uso basi biashara imekwisha, mafuta ya taa yatamwagwa juu ya tenga lote mbele ya mwenyewe, na mwenye tenga akilalamika baba humjibu kwa upole, "Samaki hajawahi kunidanganya, bwana, ni nyinyi."

Alikuwa mtu wa kinyaa, na sisi watoto kilituchosha, kwani vikombe vilioshwa mara tatu, na harusini alikuwa hali mpaka aone jiko, hata jirani yetu Bi Fahima, ambaye yuko hapa mbele leo, alimwambia siku moja kwa kicheko, "Wewe Bwana Hudson, siku yako ikiya utainusa sanda kwanza." Lakini Bi Fahima huyo huyo hakupika nyama ya Idi kabla ya kuituma kwetu kwenye sinia ili inuswe, na mtaa mzima ulifanya hivyo, kwa sababu kinyaa cha mtu mmoja kilikuwa kikiwalinda wote.

Tarehe 19 Agosti 1995 alifunga ndoa na mwalimu Bochaberi, na Mungu akawajalia watoto watatu, Emily aliyezaliwa tarehe 2 Juni 1996, mimi tarehe 23 Oktoba 2000, na Shifaa tarehe 7 Januari 2006, ambaye jina lake alipewa na Bi Fahima kwa kuwa ndiye aliyempokea, mvua ikinyesha na mkunga akiwa bado njiani.

Ugonjwa ulianza mwaka wa 2017, na haukuanza na homa wala maumivu, ulianza na sukari. Baba alianza kula sukari kwa kiganja, kisha akaanza kuchota chakula kwenye sahani za wageni, akaacha kuoga, akacheka katika mazishi ya mama mkwe wake, akatema mate sakafuni sebuleni na kuyatazama kama mtu anayetazama picha. Aliokota embe ndani ya mtaro wa maji machafu, akalipangusa kwenye suruali, akalila mpaka kokwa mbele ya msikiti watu wakitoka kuswali. Niseme wazi, kwa kuwa tumekubaliana kusema kweli, kwamba nilimwonea kinyaa baba yangu, nilificha kikombe changu, nilikula nimempa mgongo, na harufu yake ilipoingia chumbani mimi nilitoka, wakati mama alikuwa akimwogesha, akimkata kucha zilizojaa uchafu ambao sitautaja, na akila naye sahani moja.

Jumanne, tarehe 18 Septemba 2018, friza za Bwana Wazir, mfanyabiashara wa samaki mnayemfahamu, zilikuwa zimekaa siku tatu bila umeme, na samaki wake walishushwa dikoni wapelekwe shule moja ya bweni. Baba aliitwa akague, akafunua mashavu, akanusa, akakata kipande kibichi akakila, akasema, "Safi, pelekeni," akapiga mhuri. Wanafunzi thelathini na wanane waliugua, wakatapika na kuharisha siku mbili, na kwa rehema za Mungu hakuna aliyekufa. Tarehe 4 Machi 2019 barua ikaja, ikisema kwamba afisa mwenye ujuzi wa miaka ishirini na tisa hawezi kupitisha samaki waliooza ila amehongwa, na mtaani hukumu ilitoka kabla ya barua, mama akiambiwa sokoni, "Mwalimu, leo mwatununulia soda?" na watoto wakabadilisha jina la baba kutoka Bwana Afya kuwa Bwana Taka.

Mama alimpeleka Mombasa, na tarehe 12 Februari 2020 wakampata Daktari Nyaguthii, bingwa wa magonjwa ya ubongo, ambaye kwanza alipima damu, sukari, na homoni za tezi ya shingo, akimweleza mama kwamba tezi hiyo ikizalisha homoni chache mtu huwa mzito hata akaitwa mvivu, na zikizidi huwa mkali hata akaitwa mbaya, na kwamba amewaona wengi waliotengwa na jamaa zao kwa kosa la tezi yenye ukubwa usiozidi kidole gumba. Homoni za baba zilikuwa sawa. Ndipo akampiga picha ya ubongo, na ikaonekana kwamba sehemu ya mbele na ya pembeni inanyauka, pamoja na sehemu moja iliyojificha ndani, ambayo ndiyo humfanya mtu akunje uso mbele ya uozo.

Daktari alimwonyesha baba picha za nyuso, naye baba akamtambua mwenye furaha, akamtambua mwenye hasira, lakini alipoonyeshwa uso wa mtu aliyeona kitu cha kuchukiza alijibu, "Huyu ana njaa." Kisha akamnusisha chupa yenye uvundo, na baba, ambaye pua yake ilikuwa nzima kabisa, alisema bila kusita, "Samaki wa siku nne huyu," halafu akauliza kama anaweza kuonja. Mama anasema hapo ndipo alipolia, kwa kuwa alielewa kwamba mumewe bado alikuwa akijua kila kitu alichokijua zamani, ila kujua kwenyewe hakukumzuia tena.

Mama alipeleka ripoti ya daktari kwa waliokuwa wakubwa wa baba kazini mara tatu, mwaka wa 2020, mwaka wa 2021 na mwaka wa 2023, na mara zote alijibiwa kwamba ripoti inaonyesha ugonjwa wa 2020, haionyeshi kwamba mwaka wa 2018 hakuhongwa. Katikati ya miaka hiyo, Mei 2021, mtu fulani alimrekodi baba jalalani ufukweni akinyang'anyana kichwa cha samaki na paka, akakila, akaitabasamia simu, na mrekodi akaweka muziki juu yake, akawatumia watu. Rekodi hiyo ilinifikia chuoni, na mwenzangu alipouliza, "Si huyu ni wa kwenu Lamu?" nilijibu kwamba simjui. Kinyaa nilichokuwa nacho mpaka siku hiyo kilikuwa kwa baba, na tangu siku hiyo kimehama, kimekuja kwangu, na kimewafikia pia wote waliotazama wakacheka, ambao ubongo wao ni mzima, hauna sehemu iliyonyauka, na bado hawakukunja uso.

Jumatano wiki hii, Bwana Abdulghafur, aliyefundishwa kazi na baba na kurithi kiti chake, alikuja nyumbani akaketi barazani, akampa mama karatasi aliyoiandika kwa mkono wake, na ameturuhusu kuisoma. Anasema kwamba siku ile ya Septemba yeye ndiye aliyekuwa kwenye zamu, na alisimama upande unakoelekea upepo, akajua wale samaki hawafai kabla ya kuwakaribia, lakini Bwana Wazir akamshika bega akamwambia, "Wewe ngoja, yeo tumwite mzee, mzee hana taabu siku hizi." Anasema alicheka. Anasema kwa miezi mingi dikoni walikuwa wakimwona baba akila matumbo ya samaki, wakimtupia ili wamtazame, na kila mwenye mzigo mbovu alijifunza kumngoja yeye. Anasema aliulizwa na kamati iliyochunguza kesi ya baba kama alimwona marehemu akipokea kitu, na akajibu, "Sikuangalia vizuri," ijapokuwa aliangalia vizuri sana, na hakuna kilichopokelewa.

Kwa hivyo, ndugu zangu, mtu wa kwanza kuutambua ugonjwa wa baba hakuwa mama, wala daktari, alikuwa Bwana Wazir, mwaka mmoja na nusu kabla ya picha ya ubongo, na alipoutambua hakumwambia mkewe, hakumpeleka hospitali, aliutumia. Hakumhonga, kwa kuwa hakuna anayemhonga mtu asiyechukizwa na chochote. Gunia la mchele alilolituma juzi kwa ajili ya msiba huu tumelirudisha mlangoni kwake likiwa limeshonwa kama lilivyokuja, kwa sababu halikulika.

Kuanzia mwaka wa 2023 baba hakusema tena, na mwaka huu alisahau hata kutafuna. Tarehe 6 Novemba 2025 chakula kiliingia njia ya hewa, akapelekwa hospitali hapo Amu, akashikwa na homa ya mapafu, na Jumapili tarehe 9 Novemba, saa moja na robo asubuhi, akafariki mikononi mwa mama, akiwa na umri wa miaka hamsini na tisa na karibu miezi minane. Ameacha mjane, watoto watatu, na mjukuu mmoja.

Familia inamshukuru Daktari Nyaguthii, ambaye alipokea simu za mama kwa miaka mitano bila kuchoka, inawashukuru wauguzi waliomgeuza kitandani ili asipate vidonda, na inamshukuru Bi Fahima, ambaye baba alipoingia jikoni kwake na kutia mkono chunguni hakupiga kelele, alimpakulia sahani akamwambia, "Keti ule, Bwana Hudson, nyumba ni yako," akamwaga kilichobaki, akapika upya, na hakutuambia mpaka juzi. Inamshukuru pia Bwana Abdulghafur, si kwa miaka saba aliyonyamaza, kwani hiyo hatuwezi kuishukuru, bali kwa Jumatano.

Wafanyakazi wenzake, mliomba rambirambi zenu zisomwe, na tumezipokea, lakini leo hatuombi rambirambi. Kwenye meza ile yenye kitabu cha wageni ipo karatasi nyingine, ni maelezo ya Bwana Abdulghafur pamoja na ripoti ya daktari, na Jumatatu mama ataipeleka kwa mara ya nne, akiomba barua moja tu, iseme kwamba mtu huyu alikuwa mgonjwa. Waliokuwepo dikoni siku ile walikuwa tisa, na kutoka hapa ninawaona sita. Anayejua kwamba yaliyosomwa ni kweli aweke sahihi yake kabla ya mashua ya saa kumi, na ambaye hataweka, tunamwomba asije kutupa udongo, jamaa watatosha kulifukia kaburi.

Na wewe baba, Hudson Makori Ondari, afisa wa afya ya umma, uliyeugua mbele ya watu wazima wa afya, pumzika kwa amani, hukuhongwa.