Kazi Kwanza, Mzee Elinaza na Miguu ya Bibi Kokuberwa

Mheshimiwa Diwani, Baba Mchungaji na Mama Mchungaji, wazee wa kanisa, mwenye siku yake, Mzee Elinaza, pamoja na mama yetu aliyemvumilia miaka yote hii, majirani zetu mliotoka msikitini mkaja kukaa nasi, ndugu wageni waalikwa, na nyie wenzangu mlioegemea ukuta kule nyuma mkidai viti vimekwisha, wakati hapa mbele karibu na Mchungaji vipo na hakuna anayevitaka: shikamooni wakubwa zangu, na Bwana Yesu asifiwe.

Naitwa Tusajigwe. Nimemaliza kidato cha nne, na sijawahi kushika kipaza sauti. Mwinjilisti Brightson, acha kuikorogakoroga hiyo mashine. Sauti haikwaruzi, inatetemeka, na ni yangu.

Nimeombwa niseme maneno machache ya kumuaga Mzee Elinaza, ambaye leo anaacha uenyekiti wa Kamati ya Huruma. Aliyeniomba ni yeye mwenyewe. Alikuja nyumbani akasema, "Tusa, wewe ndiye ushahidi wangu. Simama uwaambie watu kwamba kanuni yangu inafanya kazi." Mama akajibu haraka, "Atasema, baba." Mie nilikuwa bado nafungua mdomo.

Kwa wageni nieleze kidogo. Usharika wetu una kanuni inayoitwa Kazi Kwanza, na aliyeizaa ni huyu Mzee. Ukiwa na shida ukaja kwenye Kamati ya Huruma, hupewi kitu mpaka ufanye kazi ya kanisa: upalilie, ufagie, uwatekee maji mafundi. Ukishamaliza, hupewi unga, kwa sababu unga unaliwa, unakwisha, na kesho umerudi. Unapewa mtaji. Na mtaji, kwa uwezo wa usharika wetu, ni kuku.

Mzee Elinaza alikuwa msimamizi wa zamu kiwandani Mikocheni mpaka alipostaafu, na mie nadhani anaamini hata mbinguni kuna zamu, kuna king'ora, na malaika akichelewa anaachwa nje ya geti. Siasa zake nazo mnazijua. Mheshimiwa Diwani, wewe unazijua kuliko wote, maana kila ulipokuja kututangazia fedha za serikali kwa kaya maskini, alikufuata mpaka kwenye gari. "Mheshimiwa, serikali ikianza kulisha watu, watu watasahau kwamba wana mikono. Kumsaidia maskini si kazi ya serikali. Ni kazi ya familia, ya jirani na ya kanisa." Nawe ulikuwa unamjibu, "Mzee, naomba nifunge mlango."

Hakuna anayeweza kusema kwamba Mzee wetu alizungumza hayo akiwa amekaa kwenye sofa. Siku za kupalilia alifika kabla ya wote, na jembe lake mwenyewe. Ni vijana wangapi wa Chanika hii walitolewa kijiweni na huyu baba, kwa kelele kwanza halafu kwa mkono? Wale wawili wanaoendesha bajaji pale kituoni, nani aliwasimamia mpaka wakapata leseni? Na mimi je? Baba yangu alifariki nikiwa kidato cha kwanza. Usharika ukanilipia sare na chakula cha shule, nami nikaufagia uwanja huu kila Jumamosi, mvua na jua. Kwa hiyo kila nilipopokea, nilipokea nikiwa nimenyoosha shingo. Sikuwahi kujisikia ombaomba. Hilo, Mzee, nakushukuru, na sisemi kwa ajili ya adabu tu.

Lakini umeniita ushahidi, na ushahidi wangu haukuishia kwenye ufagio.

Tuanze na yule kuku kishingo. Nyuma ya kanisa, kwenye chumba kinachotazamana na tangi la maji, anaishi Bibi Kokuberwa. Ni mjane, hana mtoto aliyebaki. Mwaka juzi bado alikuwa na miguu, akapalilia kuanzia getini mpaka kwenye kengele, akapewa kuku, mmoja wa wale wasio na manyoya shingoni. Jumapili iliyofuata ikawa Sikukuu ya Mavuno. Sasa sisi tunajijua. Mtu wa usharika huu anaweza kukosa chumvi nyumbani, lakini haendi madhabahuni mikono mitupu. Bibi akamleta kuku wake kwa Bwana.

Baada ya ibada tukatoka nje kwenye mnada wa sadaka, kama kawaida. Mwinjilisti Brightson akamnyanyua kuku juu: "Kuku wa Bwana huyu! Nani anasema?" Aliyesema kuliko wote alikuwa Mzee Elinaza, kwa sababu Kamati ya Huruma ilikuwa inahitaji kuku wa kuwapa maskini. Akamnunua, akampa mama mmoja wa kule bondeni aliyekuwa amemaliza kufagia. Yule mama naye akaona hawezi kupokea baraka asitoe shukrani. Kuku akarudi madhabahuni. Brightson akamnyanyua. Mzee akamnunua. Kuku akaenda nyumba nyingine, akarudi tena na sadaka. Hapo ndipo nilipomsikia Mzee akimuuliza Brightson, "Mbona kuku wa usharika huu wote ni kishingo?" Brightson akamjibu bila kupepesa macho, "Mzee, labda ni ukoo."

Na huku ndani tulikuwa tunatangaziwa kwamba kaya nyingi zimepewa mtaji. Ndugu zangu, alikuwa kuku mmoja! Alikuwa ameombewa kuliko wanakwaya. Njia ya madhabahuni alikuwa anaijua mwenyewe. Hakuna nyumba iliyopata hata yai, kwa sababu hakukaa popote muda wa kutosha kutaga.

Tumecheka, lakini nawauliza, mwenye kosa ni nani? Bibi alitoa. Mzee alitoa. Brightson alipiga mnada wake vizuri kabisa. Wote tulitoa, na hakuna aliyekula.

Mwaka huu miguu ya Bibi Kokuberwa ikagoma. Imevimba, hawezi kuvuka hata kizingiti. Kamati ikakaa, na kanuni ikawa ileile. Mzee hakutaka kuivunja kanuni, na hakutaka kumwacha Bibi, basi akaamua kumtafutia kazi ya kukaa. Alinichukua nimbebee kiti. Haya niliyasikia kwa masikio yangu.

"Bibi, huwezi kuchambua mchele wa kwaya?"

"Macho, Elinaza."

"Kusuka ukili je?"

"Vidole, Elinaza."

"Basi utauombea usharika. Kila asubuhi. Ila kwa sauti, ili kazi ionekane."

Bibi akamtazama kuanzia viatu mpaka kofia. "Nianze sasa, msimamizi?"

"Anza."

Bibi akafumba macho. "Ee Bwana, ubariki usharika wetu. Umbariki Mchungaji, umfupishie mahubiri. Na huyu mtumishi wako Elinaza, umpe hii miguu yangu, kwa wiki moja tu, halafu umkabidhi na ufagio."

Mzee wetu, kwa mazoea ya miaka mingi, akaitikia kwa sauti kubwa, "Amina!" Kisha akafumbua jicho moja.

Mzee, naona unacheka. Hata siku ile ulicheka njia nzima. Lakini Kamati haikucheka. Ilisema maombi hayawezi kukaguliwa, kwa hiyo hayahesabiki kuwa kazi, na tangu Pasaka Bibi Kokuberwa hajapata kitu kutoka kanisani kwake.

Mnajua nani anamlisha? Yule pale, Bi Chausiku, jirani yake wa ukuta mmoja. Usijifiche na mtandio, Bi Chausiku, tumeshakuona. Siku moja nilimkuta anampelekea Bibi bakuli la maharage ya nazi, nikamuuliza, "Bi Chausiku, unampa chakula, yeye anakufanyia kazi gani?" Akanishangaa. "Kazi ya nini? Kwani hana njaa?" Hakuwa na kamati, wala kikao, wala sala ya kufungua kikao. Mtaani sasa wanatutania: Mlutheri wenu analelewa na Waislamu, nyie endeleeni kupanga zamu. 

Na sasa mwisho wa mwezi Bi Chausiku anahamia Temeke kwa binti yake. Leo, tukitoka hapa, Kamati mpya inakaa kikao chake cha kwanza, na jambo la kwanza mbele yao ni hili: Bibi Kokuberwa arudishwe kwenye msaada, au kanuni ibaki kama ilivyo? Ndiyo maana nimekubali kusimama hapa.

Mzee Elinaza, sina elimu ya kubishana nawe siasa. Ulisema kumsaidia maskini si kazi ya serikali. Sawa, tuseme nimekubali. Mheshimiwa Diwani ataniwia radhi. Ulisema ni kazi ya familia. Bibi hana familia. Ulisema ni kazi ya jirani. Jirani anahama. Ulisema ni kazi ya kanisa. Basi serikali umeizuia getini, na kanisa umelikabidhi jembe ligawe. Bibi abishe hodi wapi? Kama tunasema kwa kujiamini kwamba kazi hii ni yetu na si ya mtu mwingine, si lazima tuifanye?

Wewe hupenda kutukumbusha yule mgonjwa pale birikani, aliyeambiwa na Bwana ajitwike godoro lake aende. Kila mara unasema, "Mmeona? Hata yeye alipewa kazi!" Ni kweli, Mzee. Lakini aliponywa kwanza, ndipo akabeba godoro. Hakuambiwa alizunguke birika kwanza ili Bwana aone kama ana juhudi. Na wale maelfu waliokula mikate na samaki waliketishwa kwenye majani wakala. Nimesoma mara nyingi, nikitafuta mahali Petro alipowagawia mafagio. Sijapaona. Na Paulo, ambaye unamtaja kuliko mitume wote, alikuwa anawagombeza watu wenye miguu mizima waliokaa bure wakingoja kiama. Sidhani kama alikuwa anamsema Bibi Kokuberwa.

Baba Mchungaji, nimekuona umeangalia saa. Namalizia.

Kuna jambo moja Mzee hajui kwamba ninalijua. Nikiwa kidato cha tatu niliugua malaria, nikalala ndani Jumamosi mbili. Kwa kanuni, nisipofagia, sipati. Nilipopona nikaja kuomba niongezewe kazi ili nifidie. Katibu akaniambia, "Huna deni, uwanja ulifagiliwa." Nikauliza na nani, akasema hajui. Ila nilipotoka nje nikatazama, nikajua. Taka zilikuwa zimesukumwa zote upande unakotoka upepo, vilundo vidogovidogo, halafu vikaachwa palepale vikitawanyika. Hapa Chanika ni mtu mmoja tu anayefagia hivyo, mtu aliyesimamia wafagiaji maisha yake yote na hakuwahi kuushika ufagio. Nikamuuliza mama yetu pale, mkewe, akaniambia, "Alirudi mgongo unamuuma, akakataa kusema alikuwa wapi."

Mzee Elinaza, nilikuwa sina nguvu, ukainama ukafanya kazi iliyokuwa yangu, nami nikala. Hukuniambia, hukudai. Nimefundishwa Kipaimara miaka miwili, lakini Injili niliielewa siku ile, kwenye zile taka ulizoziacha. Kwa hiyo nakuomba mbele ya watu hawa wote, usistaafu ukituachia ile kanuni iliyoko mdomoni mwako. Tuachie ile uliyoifanya Jumamosi zile ukidhani hakuna anayeona. Nanyi wajumbe wa Kamati mpya, mwenye miguu apewe kazi, mimi siipingi. Asiyekuwa na miguu apewe chakula, na kazi yake tuifanye sisi.

Nawe Mheshimiwa, na nyie wageni, kule nyuma sufuria za pilau zimeshaepuliwa. Kwa desturi yetu, sahani ya kwanza ni ya anayeagwa. Mzee, naomba sahani hiyo uipeleke wewe mwenyewe nyuma ya kanisa, kwa Bibi, kabla Kamati haijakaa.

Mzee anasimama. Mzee, subiri basi, sijafika kwenye shukrani! Anasema nini? Mama yetu, mumeo anasema nini? Anasema sahani itapoa, wampe hotipoti. Kubwa. Na nyama zisiwe mifupa mitupu.

Sasa anauliza, "Na kazi ya leo ataifanya nani?"

Wewe, Mzee. Kubeba hotipoti ni kazi.

Tafadhali mpisheni njia. Wajumbe wa Kamati, naona na nyie mnanyanyuka. Mmoja achukue kiti, kule hakuna pa kukaa. Mheshimiwa Diwani, wewe keti, hotuba yako bado.

Nilikuwa nimeandaa ukurasa mzima wa shukrani, lakini niliyekuja kumshukuru ameshatoka, na mie nina aibu kuusomea mgongo wake. Nawashukuru nyie mliobaki kwa kunivumilia mpaka hapa. Mungu awabariki.